Supa gluu kwa wajenzi wa modeli za plastiki: ipi ununue, na utaitunzaje kwenye unyevu wa Pwani

Rubani wa Mezani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Tangu niweke picha za modeli yangu ya Super VC10, ile ndege ya abiria ya East African Airways, PM (ujumbe wa faragha) nyingi zinazoingia ni za gundi, si za rangi kama nilivyotarajia. Badala ya kumjibu kila mtu peke yake naandika hapa, na wenye uzoefu waongezee au wanipinge.

Tuanze na kinachowasumbua wageni wa kazi hii. Supa gluu si gundi ya kujengea seti nzima. Plastiki ya watengenezaji wa seti kama Airfix, Tamiya, Revell na wenzao karibu yote ni polistarini, na polistarini kwa polistarini inataka gundi ya kuyeyusha, ile nyepesi yenye kibrashi kwenye kifuniko. Inalainisha pande zote mbili, zinaingiana, ikikauka unabaki na kipande kimoja. Supa gluu yenyewe inaganda katikati ya vipande viwili na kuvishika tu. Ni ngumu lakini haina mnyumbuko. Ukivuta moja kwa moja inabisha, ukibandua kwa pembeni au modeli ikidondoka chini inaachia. Iite pale ambapo kimojawapo si polistarini: rezini, waya, chuma, na vile vibati vya shaba ya njano vya ngazi, antena na mikanda ya viti. Na kuziba mianya, watu wataniuliza tu huko chini.

Sasa ipi. Wengi wanauliza ipi ni kali kuliko zote. Nyingi za madukani ni kemikali ile ile, ethili sianoakrilati, tofauti kubwa ni wepesi wake. Ile iliyo kama maji unaitumia baada ya kushikanisha vipande vikiwa vikavu: unagusa ukingoni kwa ncha ya sindano, yenyewe inakimbia ndani ya mwanya. Na kidole chako kikiwa juu ya mstari huo itakifuata. Ya kati inakupa sekunde chache za kurekebisha, na ndiyo ninayoimaliza haraka kuliko zote. Nzito na jeli ni za vipande visivyokaliana vizuri, au kazi inayosimama wima ambapo hutaki itiririke. Kuna pia nyeusi yenye mpira ndani yake, Loctite 480 ni mfano, hiyo inavumilia mtikisiko na inafaa kwa miguu ya ndege ya chuma. Wanaozipata kwa namba za Loctite wakumbuke 406 ni nyepesi na 454 ni jeli. Hizo utazikuta kwenye maduka ya vifaa vya viwandani, usimsumbue machinga.

Hapa ndipo najua nitapingwa. Kwa anayeishi Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, nasema aachane na chupa kubwa. Anunue tyubu ndogo za alumini za gramu 3, zile za jero au buku, zile zile za fundi viatu.

Sababu ni hii. Gundi nyeupe ya mbao inakauka kwa kupoteza maji, supa gluu inaganda kwa kukutana na maji. Utando mwembamba wa unyevu ulio juu ya karibu kila kitu ndio unaoianzisha. Kiwandani wanaitia asidi kidogo sana ili isijianzishe ndani ya chombo chake. Sasa chupa ya plastiki ukiibonya tone linatoka, ukiiachia inavuta hewa, na hewa yenyewe ni ya Dar wakati wa masika. Kila ukitumia unaingiza maji kidogo, ile asidi inazidiwa taratibu, gundi inaanza kuwa nzito, halafu inavuta nyuzi, mwisho jiwe. Tyubu ya alumini ukiibonya inabaki imebonyea, haivuti hewa ya kutosha kuleta madhara. Na zile nyingine ulizonunua pamoja nayo bado zimezibwa mdomoni mpaka siku utakayozitoboa.

Kununua tyubu kuna mkono wake. Usichukue iliyoning'inizwa juani mbele ya kibanda, omba za ndani ya boksi. Ibonye polepole katikati ya vidole viwili kuanzia mkiani hadi shingoni: iwe laini yote, uhisi kitu kinasogea. Ukikuta kifundo kigumu karibu na shingo, rudisha. Tazama na mkunjo wa mkiani, pakiwa na ganda jeupe ujue ilishavuja.

Kuhifadhi: zisizofunguliwa zinaingia kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vipakiti vya silika jeli, vile vya kwenye maboksi ya viatu. Kopo linaingia friji. Karatasi za kiufundi za Loctite zinataja nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na hiyo ndiyo friji ya kawaida ya nyumbani, usiende kwenye friza. Ukilitoa, liache limefungwa mezani mpaka lipate joto la chumba. Ukilifungua likiwa bado la baridi, umande unatua juu ya tyubu na mdomo wake, umeharibu mwenyewe. Iliyokwisha kufunguliwa hairudi friji. Inakaa wima kwenye kopo lingine lenye silika, kabatini, mbali na dirisha.

Na tafadhali msiweke gundi moja kwa moja kutoka kwenye tyubu. Tone moja juu ya kifuniko cha mtindi, kile cha plastiki laini ambacho supa gluu haikishiki, kisha uchote kwa sindano ya kushonea. Kata kichwa cha sindano katikati ya tundu, unapata panda ndogo yenye meno mawili, ichomeke kwenye kijiti. Meno yanabeba kiasi kile kile kila mara. Ikijaa gundi iliyoganda, ikwangue kwa wembe. Kuna wanaoichoma kwa kiberiti, wafanye nje ya nyumba, ule moshi si wa kuvuta. Na tone lililobaki usilirudishe kwenye tyubu.

Uzi uko wazi.

Kaskazi wa Tanga

Mkuu heshima yako, ila kwenye tyubu sikubaliani na wewe. Zile za jero nyingi ni nyepesi kama maji. Ya kati ninaipata kwenye chupa tu, sasa nifanyeje? Chupa yangu ya gramu 20 nimeiweka kwenye kopo lenye silika na inanitosha modeli hadi modeli, na mimi niko Tanga, unyevu naujua. Siri iko kwenye mdomo. Ukimaliza unaisimamisha chupa, unaigonga chini polepole ili gundi yote irudi, unafuta mdomo kwa karatasi laini kavu, ndipo unafunika. Watu wanafunika ikiwa na tone mdomoni, kesho kifuniko kimegeuka sehemu ya chupa.

Rubani wa Mezani

Kaskazi, kwa ya kati nakupa haki yako, tyubu za namna hiyo ni adimu. Kwa nyepesi sirudi nyuma. Nyepesi ndiyo inayoharibika upesi, na ndiyo tunayoitumia kwa matone madogo mno kiasi kwamba gramu 20 itakuzeekea mkononi.

Kwenye kufuta niongeze: karatasi laini, kidogo. Wasifute kwa pamba wala kitambaa cha pamba. Supa gluu ikilowa kwenye pamba inaganda kwa kasi na kutoa joto kali, inaweza kuunguza ngozi na hata kutoa moshi. Hata glavu za pamba ziepukwe.

Mzee wa Chubwi

Wanangu, nimefurahi kuona VC10. Mjukuu wangu haamini kwamba tulikuwa na Super VC10 tano zenye simba mkiani. Moja, yenye usajili 5X-UVA, ilipata ajali Addis Ababa Aprili 1972. Shirika likafa 1977, nne zilizobaki zikaishia jeshi la anga la Uingereza na kugeuzwa za kujazia ndege nyingine mafuta angani. 5H-MOG, ya mwisho kabisa kutengenezwa katika aina ya VC10, ikawa ZA150 na imeruka hadi 2013. Kwa hiyo vijana, seti ya kampuni ya Roden ya VC10 K3, hiyo ya kujazia mafuta, ya kipimo cha 1/144 (ndogo mara 144 kuliko ndege halisi) ni ndege zetu hizo hizo zikiwa zimevaa sare za jeshi.

Sasa la gundi. Injini nne ziko mkiani, modeli isipowekwa uzito puani inakalia mkia. Mimi natumia chubwi za mshipi, zile ndogo za risasi. Nimeona watu wanazishikiza kwa gundi nyeupe ya mbao. Acheni. Risasi na gundi nyeupe zikifungiwa pamoja zinakuja kuchachuka, risasi inaota unga mweupe na kuvimba, mwaka mwingine unakuta pua imepasuka. Epoksi, au supa gluu ya kati kwa safu ndogo ndogo, usiimwage yote kwa mpigo maana fungu nene linatoa joto.

Rubani wa Mezani

Shikamoo mzee. Hilo la chubwi nitaliweka kwenye bango la kwanza.

Mama Maketi

Jamani mie sijengi ndege, najenga maketi, mifano midogo ya majengo ya wasanifu, kwa kadibodi, mbao laini na foamu. Nimegundua supa gluu inakula foamu nyeupe ile ya kufungia televisheni, inatoboa shimo kabisa. Kuna dawa? Na kwenye mbao mbona inachelewa kuliko kwenye plastiki?

Rubani wa Mezani

Dada, foamu ile ni polistarini iliyojazwa hewa, kuta zake ni nyembamba mno na supa gluu ya kawaida inaziyeyusha kabla haijaganda. Tafuta iliyoandikwa kuwa haina harufu na ni salama kwa foamu. Hiyo si ethili ya kawaida, inaganda polepole na bei yake iko juu, ila foamu inabaki nzima. Kama maketi si ya kesho asubuhi, gundi nyeupe inakutosha.

Mbao zina asidi kidogo, na ndiyo hiyo hiyo inayoizuia gundi kuanza. Pia zinainywa. Pitisha nyepesi kwanza, iache iingie, kisha weka ya kati juu yake ndipo ushikanishe.

Msee wa Athi River

Boss, huku kwetu hewa ni kavu kiasi, siku zingine gundi inakaa majimaji mpaka unachoka. Nimeona watu wa YouTube wanapuliza kiharakishi, ile dawa ya kugandisha gundi haraka, inaganda papo hapo. Ninunue ama ni kupoteza pesa?

Kaskazi wa Tanga

Msee, kiharakishi kina kazi yake, usikizoee tu. Ukipuliza kingi gundi inachemka, inatoa povu dogo jeupe, na kiungo kinakuwa dhaifu. Baadhi vina kiyeyusho kinachoacha nyufa ndogo juu ya plastiki na kuharibu rangi. Weka kwa ncha ya kijiti, upande mmoja, gundi upande wa pili.

Kabla hujanunua jaribu kuhemea kiungo, hewa ya mdomo ina unyevu wa kutosha. Na uangalie umeweka gundi kiasi gani. Nyingi zinazochelewa ni kwa sababu ya tone kubwa: inaganda kuanzia nje, ndani inabaki maji.

Msukuma Theluji

Nathibitisha kutoka Minnesota. Majira ya baridi nyumba inapashwa moto usiku na mchana, hewa ya ndani inakauka mpaka ngozi inapasuka. Supa gluu ile ile inayoshika mara moja mwezi wa saba, mwezi wa kwanza inakaa tu inakutazama. Naweka bakuli la maji ya moto karibu na meza. Watengenezaji wenyewe wanapendelea unyevu wa hewa wa kati, 40% hadi 60% hivi. Nyie wa Pwani mko juu yake, mimi niko chini.

Bint Mutrah

Ndugu zangu, mie niko Maskati, na shida yangu ni AC. Chumbani kukavu, nje kiangazi joto na unyevu wa bahari. Nikiitoa gundi chumbani kwenda kibarazani kwa ajili ya harufu, chupa inaloa jasho palepale, kama mlivyosema ya friji. Sasa najengea ndani, kipeperushi kidogo kinavuta hewa kuelekea dirishani. Ule mvuke ni mzito kuliko hewa, unakaa chini karibu na meza, na sisi ndipo tunapoinamia. Macho yakianza kuwasha mjue mmeshauvuta.

Suali: nitie mchele badala ya silika? Kwenye kikopo cha chumvi mchele unafanya kazi.

Rubani wa Mezani

Bi mkubwa, mchele kwa hii kazi ni dhaifu, na una unga. Silika jeli ya rangi ndiyo nzuri, kuna ya buluu inayogeuka waridi ikishiba na ya chungwa inayogeuka kijani. Ikishiba iweke kwenye oveni ya moto mdogo, nyuzi 120 hivi, itarudi rangi yake.

Nesi wa Zamu

Nimesoma kimyakimya ila hapa kwenye friji lazima niseme. Wakuu, friji za nyumbani ndimo yanamokaa matone ya macho. Chupa ndogo nyeupe, mdomo mwembamba, kifuniko cha kuzungusha. Watu kujitia supa gluu machoni au masikioni wakidhani ni dawa si hadithi ya vijiweni, kumeandikwa sana katika taaluma yetu. Kopo la gundi liwe na maandishi makubwa, likae rafu ambayo dawa haifiki, na watoto wasilifikie.

Ikitokea imeingia jichoni: maji safi ya vuguvugu, mengi, na hospitali. Msilazimishe kope kufunguka, msitie asetoni. Vidole vikishikana, maji ya vuguvugu yenye sabuni na subira, mnavizungusha pole pole kama mnaviringisha penseli katikati yake, msivivute. Asetoni ni ya ngozi ya vidole nzima tu, isiyo na kidonda.

Msee wa Athi River

Madam asante. Na asetoni si ingetoa gundi iliyomwagika kwenye modeli pia?

Kaskazi wa Tanga

Itaitoa na bawa pia 😂 Asetoni inayeyusha polistarini. Kwenye modeli ya plastiki usiilete karibu. Kipande kilichokaa upande, itie modeli friza kama saa moja, baridi inaifanya supa gluu iwe rahisi zaidi kuvunjika, kisha ingiza wembe kwenye mstari na ukipinde kidogo. Mara nyingi kinaachia tak!

Mpiga Msasa

Rubani ulisema watu watakuuliza ya kuziba mianya. Haya, nauliza. Natumia nyepesi na bekingi soda, inaganda papo hapo, lakini kupiga msasa ni adhabu.

Rubani wa Mezani

Kwa sababu bekingi soda inaifanya iwe ngumu kupita plastiki iliyo pembeni yake. Msasa unakula plastiki, kile kilima kinabaki. Soda ifiche ndani ya modeli kuimarisha kiungo. Kwa nje, changanya ya kati na poda ya mtoto ile ya taki, angalia isiwe ya wanga wa mahindi, mpaka iwe uji mzito. Ipake kwa kijiti cha meno, ipite juu kidogo ya uso. Msasa uanze ndani ya saa moja au mbili hivi, kabla haijafikia ugumu wake wote. Ukiiacha mpaka kesho utajuta. Faida yake juu ya puti ni kwamba hainywei, na ukichonga upya mstari wa bati (ule unaoonyesha maungio ya mabati ya ndege) juu yake haibomoki.

Mzee wa Chubwi

Mnajua kwamba gundi hii ilianzia kwenye vioo? Harry Coover wa Eastman Kodak mwaka 1942 alikuwa anatafuta plastiki angavu ya kulengea bunduki. Akapata kitu kinachonata kila kinapogusa, akakitupa pembeni. Mwaka 1951, Kingsport, Tennessee, kundi lake lilikuwa linatafuta plastiki ya vioo vya marubani wa ndege za jeti. Mwenzake Fred Joyner akaweka tone kati ya prizimu mbili za chombo cha kupimia mwanga, prizimu zikagoma kuachana. Chombo chenyewe cha bei mbaya. Ndipo Coover alipoona alichokuwa nacho, na 1958 ikaingia sokoni kwa jina la Eastman 910.

Kaskazi wa Tanga

Ilianzia kwenye vioo vya marubani, na leo vioo vya marubani ndiyo inaviharibu kuliko kitu kingine 😅

Kijana Mpya

Kaka zangu hapo ndipo nilipo. Nimebandika kioo cha mbele cha ndege yangu ya 1/72 kwa supa gluu, usiku kilikuwa safi, asubuhi nimekuta ukungu mweupe. Na madirisha ya pembeni yana ukungu kwa ndani. Ndiyo basi tena?

Rubani wa Mezani

Pole, mdogo wangu. Ule weupe ni mvuke wa gundi yenyewe uliopanda, ukakutana na unyevu juu ya kioo na kuganda kama vumbi laini. Hewa tulivu, unyevu mwingi na gundi nyingi vinauzidisha. Ndiyo maana kwa vioo natumia gundi nyeupe, inakauka angavu na haina mvuke huo. Asiye na hiyo kabisa apate supa gluu isiyo na harufu, Loctite 460 ni ya namna hiyo, inatoa ukungu kidogo sana.

Cha nje kinatibika. Ng'arisha kwa dawa ya meno juu ya kitambaa laini chenye maji, kwa mizunguko midogo, usibonyeze sana kioo kisije kikaingia ndani. Kisha kipake vanishi angavu ya akriliki kwa brashi laini, ukungu mdogo uliobaki unapotea chini yake.

Cha ndani kinategemea umefunga nini. Kama bawa au mkia bado haujagandishwa na tundu lipo, chovya kijiti chenye kipamba kidogo kwenye vanishi hiyo hiyo, pitisha taratibu kwa ndani. Ukiwa umeshafunga kila upande usiipasue bodi kwa ajili ya madirisha. Nitumie jina la ndege PM, kwa 1/72 nyingi kuna dekali (picha za kubandika) za madirisha meusi, unazibandika juu yake na kuendelea na rangi.